Nimepandishwa kuwa msimamizi, wenzangu hawanisikii: niwe mkali au mpole?

Swali

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa miaka 29, nipo Kigoma. Nimefanya kazi miaka 5 kwenye kituo cha kukausha na kufungasha dagaa. Nilianzia kuanika, nikaenda kuchambua, mwishoni nikawa kwenye mizani. Miezi 2 iliyopita meneja alinikabidhi watu 14 niwasimamie. Kati yao 6 tulianza pamoja. Mmoja ni mzee wa rika la baba yangu, na hakuna anayejua dagaa kama yeye. Nikisema kwa upole wananijibu 'sawa bosi', wanacheka, na kazi haifanyiki. Nikifoka wanafanya siku hiyo, halafu wananinunia wiki nzima. Juzi mvua ilitukuta, kila mtu akadhani mwenzake ataanua, tukapoteza mzigo mkubwa. Meneja ananitaka niwe mkali. Mama ananiambia nivute subira. Nimsikilize nani?"

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo ulioloa.

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pale pale: kila mtu akadhani mwenzake ataanua. Umelitaja kwa kupita, katikati ya habari za kununiwa na kuitwa bosi, lakini kwangu hapo ndipo penye ugonjwa. Watu 14, wingu limetanda juu ya ziwa, vichanja vimejaa, na hakuna aliyeinua mguu. Ingekuwa ni dharau tu, wasingewaacha dagaa waloe, maana riziki yao nao imo humo humo. Walisimama kwa sababu hakuna aliyejua kichanja kipi ni cha nani.

Ndiyo maana naona meneja na mama wote wawili wamekujibu swali ambalo si lako. Ukali na upole ni habari ya sauti. Shida ya watu wako ni kwamba hawawezi kubashiri utaamua nini kesho. Umesema mwenyewe: siku moja upole, siku nyingine kufoka. Jumatatu mtu akichelewa anachekewa, Alhamisi mwingine akichelewa anafokewa. Wewe unaweza kuwa umeshasahau, lakini anayefanya kazi chini yako anazihesabu siku hizo moja moja. Msimamizi mkali watu wanamzoea, na mpole wanamzoea. Wanayeshindwa kumzoea ni yule ambaye kila asubuhi lazima waulizane ameamkaje. Kazi ninayokupa kwa miezi 3 ijayo ni hiyo moja: watu wako wawe wanajua mapema utakavyoamua. Nitakueleza inavyofanyika, na tuanze na hiyo mvua.

Uliona wingu, ukapaza sauti. Ulisema nini? Nadhani ulisema, "Jamani, tuanue!" Wengi wetu tungesema hivyo hivyo, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapomponza msimamizi. "Tuanue" ni sisi sote, na sisi sote tukiitwa kwa mpigo kila mmoja anamtazama aliye karibu na turubai. "Vichanja visafishwe" ni hatari zaidi, maana mtendaji amefichwa kabisa. Kaa siku moja usikilize maagizo ya asubuhi mahali popote pa kazi: visafishwe, ipimwe, yabebwe, tuwahi. Humo hakuna jina la mtu. Tunasema hivyo kwa adabu, tusimwonyeshe mtu kidole mbele za wenzake, na mtaani adabu hiyo ni njema. Kazini inaiacha kazi bila mwenyewe.

Gawa vichanja. Chora uwanja wenu kwenye karatasi ngumu, kila kichanja na namba yake, na chini ya namba majina mawili. Nasema mawili ili mmoja akiugua kichanja kisibaki yatima. Andika pia turubai lipi linakaa wapi na nani anashika ufunguo wa stoo. Bandika ukutani kila mtu aone. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, kwa hiyo utaitumia karatasi hiyo zaidi ya nusu mwaka. Siku wingu likitanda hutahitaji kufoka. Utaita majina, au hata hutaita, kwa sababu kila jozi itakuwa imeshakimbilia kwake.

Ukishagawa, usiulize "tumeelewana?" Swali hilo hujibiwa "ndiyo" hata na aliyekuwa anasinzia. Muulize mtu mmoja mmoja: "Wingu likija saa 6, wewe unaanzia wapi?" Akikujibu vizuri, ameelewa. Akibabaika, umegundua leo wakati jua linawaka, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kuhusu mkutano wa asubuhi sina maneno mengi. Uwe wa dakika 10, mmesimama, kabla makarai hayajaanza kuingia kutoka mwaloni. Sema mzigo unaotarajiwa, nani yuko wapi, na kitu gani jana kiliwakwamisha. Kisha nyamaza, uwape nafasi waseme wao. Mara za kwanza watanyamaza nao. Vumilia ukimya huo, usiujaze na hotuba.

Jambo linaloleta manung'uniko kuliko yote kwenye kazi kama yako ni jua. Kuanika juani na kuchambua kivulini ni vitu viwili tofauti, na kila mtu anajua nani anapewa kivuli. Hapo ndipo wanapokupima. Panga zamu za wiki mbili mbili, zionekane ukutani, na rafiki yako mkubwa kati ya wale 6 aanze juani. Mweleze mapema ni kwa nini. Akikasirika siku mbili atapoa, lakini wengine 13 wataona kwamba orodha haisomi sura ya mtu.

Zamu zako zifuate na mwezi pia. Unajua kuliko mimi kwamba mitumbwi ya taa huingia ziwani usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kituoni kuna siku za kufa na kazi na siku za kupiga miayo. Ruhusa, likizo, usafi mkubwa, kurekebisha vichanja na kumfundisha mgeni mizani, vyote hivyo viweke kwenye mbalamwezi, na watu wavijue mwezi mzima kabla. Wakati wa giza angalia saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku. Inampa mtu mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi saa 5 mfululizo, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Msimamizi asiyejua hesabu hiyo huwaahidi watu "tutaangaliana" na mwisho wa mwezi anakosa pa kuangalia. Na ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka, tarehe hizo na hatima ya kila mtu wazisikie kutoka kinywani mwako, wasizisikie kijiweni.

Sasa wale 6. Usiwaite kwa pamoja. Keti na kila mmoja peke yake, mbali na uwanja, na umwambie kitu kama hiki: "Mimi na wewe tumeanza siku moja, na urafiki wetu bado nautaka. Kazini nitasema mambo usiyoyapenda. Ukiona nimekosea, nivute pembeni siku hiyo hiyo. Nikiona wewe umekosea, nami nitakuvuta pembeni." Basi, ishia hapo. Hilo la kuitwa bosi kwa kejeli usilipigie kelele. Itika kama kawaida na endelea na kazi uliyokuwa unaielekeza. Jina linalochekesha huchosha upesi likikosa wa kukasirika.

Kuna vitu viwili itakubidi uviache, na vitauma. Cha kwanza ni kumsema meneja mkiwa mnakula. Zamani ulikuwa unachangia, na sasa ukichangia wanajua na wao unawasema kwake. Cha pili ni fedha. Kama mna mchezo wa kupeana na wewe ndiye kijumbe, mkabidhi mwingine. Siku utakayomwonya mtu anayedaiwa kwenye mchezo, hakuna atakayeamini kwamba umemwonya kwa ajili ya kazi.

Tuje kwa mzee, maana naona ndiye unayemwogopa, na ndiye anayeweza kukubeba. Mtazame siku moja anavyokagua mzigo. Anamchukua dagaa mmoja, anamkunja kati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza. Akikatika kwa mlio, wamekauka. Akipinda, anawarudisha kichanjani bila neno. Mtu huyo amekuwa akifanya hivyo tangu wewe ukiwa shule ya msingi, halafu juzi akasikia kwamba wewe ndiye utakayemwambia dagaa wamekauka au bado. Jiweke mahali pake.

Mfuate asubuhi kabla ya wengine. Shikamoo yake iko pale pale, cheo hakijaiondoa. Mwambie kwamba kuanzia sasa hakuna kiroba kitakachofungwa bila yeye kusema mzigo umekauka, na neno lake kwenye hilo ni la mwisho, hata wewe ukiwa na haraka na lori linasubiri. Kisha litimize. Siku ya kwanza lori likipiga honi na mzee akasema bado, wote 14 watakutazama. Ukimpita siku hiyo, umempoteza yeye na wengine nyuma yake. Na ukimpa agizo la mambo mengine, Kiswahili hapa kinakusaidia: "Mzee wangu, naomba leo upande wa kusini uwe wako" ni agizo kamili. "Naomba" haikupunguzii chochote. Kinachokupunguzia ni kuzunguka zunguka bila kusema unachotaka, ukitumaini atakisia.

Wamarekani Paul Hersey na Ken Blanchard walieleza jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: kiasi cha maelekezo unayompa mtu kinategemea anavyoimudu kazi ile, si cheo chako. Kijana aliyeanza wiki hii simama naye, mwonyeshe unene wa kutandaza, rudi baada ya nusu saa. Mzee ukimfanyia hivyo unamtukana. Ukimwacha kijana peke yake ukidhani unamheshimu, unamtupa. Wasimamizi wengi wapya wana namna moja tu, wanaitumia kwa wote, na wanaiita usawa.

Hili linalofuata nakueleza kwa sababu liliwahi kunigharimu. Nikiwa na miaka 27 nilisimamia ghala la tumbaku Tabora. Asubuhi moja uzito wa marobota haukulingana na daftari. Nikamwita mpimaji mbele ya wenzake, vijana wa kupakia wakitazama kutoka juu ya lori, nikamwambia maneno ambayo nisingependa mwanangu aambiwe. Alisubiri nimalize. Akasema taratibu, "Nilikwambia wiki mbili zilizopita kwamba mizani inacheza." Alikuwa ameniambia kweli. Nilikuwa natembea, nikaitikia "sawa, nitaangalia", na sikuandika popote. Nilimwomba radhi baadaye, chumbani, mlango umefungwa, ilhali matusi alikuwa ameyapata hadharani. Tangu siku hiyo watu wa ghala lile hawakuniletea tena habari mbaya. Mizani ikicheza, kimya. Paa likivuja, kimya. Nilikuwa najua mambo yakiwa yameshaharibika, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuwafanya waniamini tena.

Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza timu za wahudumu wa hospitali Marekani katika miaka ya 1990, akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri pamoja zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zilimwonyesha kinyume: timu hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba huenda hawakuwa wanakosea zaidi, bali walikuwa hawaogopi kuyasema. Kwako kosa lililofichwa ni kiroba kimoja kilichofungwa dagaa wakiwa na unyevu. Kitapangwa stoo katikati ya vingine, kitasafiri, na kitafunguliwa Dar es Salaam kimeota ukungu. Mtu aliyekifunga alijua. Swali ni kama angethubutu kukwambia.

Kwa hiyo nunua daftari dogo la mfukoni. Mtu akikwambia jambo, liandike mbele yake: tarehe, jina lake, alichosema. Ukishalishughulikia andika ulichofanya, na umrudie umwambie, hata kama jibu ni kwamba meneja amekataa. Mtu akileta kosa lake mwenyewe, neno lako la kwanza liwe asante. Kosa lenyewe lizungumzeni pembeni, siku hiyo hiyo, na useme kuhusu kiroba: "Hiki kimefungwa kina unyevu, ilikuwaje?" Usiseme "wewe ni mzembe", maana uzembe hauwezi kurekebishwa kesho asubuhi, lakini kiroba kinaweza. Sifa nazo zitaje jambo. "Mmefanya vizuri jamani" haimfikii mtu. "Jana ulirudisha kichanja cha 7 kabla sijakiona" inamfikia.

Meneja naye ana sehemu yake. Mwombe mkae nusu saa akujibu mambo matatu. Je, zamu unapanga wewe bila kumuuliza? Je, mtu akifiwa unaweza kumruhusu aondoke pale pale? (Kwa msiba wa mzazi, mwenza, mtoto, kaka au dada sheria inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo, kwa hiyo hilo lisiwe fadhila yako wala yake.) Na yeye akiwa na agizo, je, atalipitisha kwako? Meneja anayeshuka uwanjani na kumtuma mtu wako moja kwa moja anakufuta mbele ya wote bila kujua, na hapo hata ungekuwa simba hawatakusikia. Majibu yake ayatangaze mwenyewe kwa watu wote, wewe ukiwepo.

Hapo pia ndipo ushauri wake wa ukali unapopata mpaka. Huna mamlaka ya kumwambia mtu "kesho usije", wala kumkata ujira kwa sababu amekuudhi. Onyo liandikwe, mtu aelezwe kosa lake, na likifikia kikao cha nidhamu kanuni za mwaka 2007 zinataka apewe taarifa angalau saa 48 kabla ili ajiandae, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Kazi yako ni kuweka kumbukumbu sahihi na kusema kweli. Kufukuza si kwako.

Huenda kati ya wale 6 yupo mmoja ambaye hatakubali hata ufanye nini. Januari 1958, hapo Tabora, TANU ilikutana kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walifika wakiwa na uchungu, wakitaka chama kisusie. Mwalimu Nyerere alitetea kushiriki hadi akawashawishi walio wengi, na uamuzi ule mpaka leo unaitwa uamuzi wa busara. Pamoja na hayo Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake. Kwa hiyo usingoje wote 14 wakubariki ndipo uanze. Msikilize kila mmoja, amua, eleza sababu, na atakayebaki na kinyongo mtendee kwa orodha ile ile unayowatendea wengine.

Wiki ya kwanza ifanye hivi. Jumatatu alfajiri nenda kwa mzee, usiongee na mtu mwingine kabla yake. Jumanne na Jumatano keti na wale 6, watatu kila siku. Alhamisi bandika ramani ya vichanja na orodha ya zamu, na uzieleze kwenye zile dakika 10. Ijumaa uliza maswali ya mtu mmoja mmoja. Jumamosi, jua likiwa kali na hakuna hata wingu, fanyeni zoezi la kuanua, vichanja vyote, maturubai yote, kama vile matone yameshaanza. Shika simu upime dakika, ziandike kwenye daftari, na mlirudie zoezi hilo Jumamosi inayofuata. Ningependa uniandikie uniambie zilikuwa ngapi mara ya kwanza, na ngapi mara ya pili.